Pikapu ao jipu ndogo: tununue gari gani?

(Maneno ya mwanachama mmoja, dereva na fundi wa magari, mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile alivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na ili wafadhili wetu walio mbali wajue mjadala umefika wapi.)



Komite iliniomba niseme juu ya gari. Mambo ya pesa sitayagusa, hesabu iko kwa mama wa kasa na amekwisha kuwasomea. Mimi nitasema ile ninayoijua: chuma, mafuta na barabara. Tuko na uwezo wa kununua gari moja tu, ya okazioni, hapana mbili. Na tumegawanyika. Wengine wanataka pikapu. Wengine wanataka ile gari ya familia, iliyofungwa, iliyoinuka kidogo, aina ya RAV4, ambayo sisi wote tunaiita jipu. Wafadhili wetu nao, kwa barua yao, wameonyesha kwamba moyo wao uko zaidi kwa hii ya pili, kwa sababu wagonjwa na mama wajawazito watakaa vizuri ndani. Ninawashukuru, hilo ni wazo la mtu mwenye huruma. Lakini mimi niko upande wa pikapu, na nitawaambia kwa nini, bila kuficha pale ambapo pikapu inashindwa.

Kwanza tusidanganywe na majina. Ile tunayoiita jipu si jipu. RAV4 ilitoka Japani mwaka wa 1994, na imejengwa sawa vile gari ndogo ya mjini: bodi na shasi ni kitu kimoja. Ukilala chini yake hautaona vile vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele mpaka nyuma. Hata ile inayovuta kwa pine zote 4 haina gia ya pili ya nguvu, ile ya kupandia mlima polepole bila kuchoma ambreyaji. Hilux ni mzee kwake. Ilianza 1968, na mpaka leo ina shasi peke yake, bodi na sanduku vimefungwa juu kwa bulon, na nyuma kuna resore za majani, zilizopangwa moja juu ya ingine sawa vile kwa lori. Ikiwa ni ile ya kuvuta pine zote, iko na ile gia ndogo pia. Tofauti hizi njo zinazaa zingine zote, kwa hiyo munivumilie nikae hapo kidogo.

Barabara yetu munaijua. Toka hapa mpaka Uvira ni karibu kilomita 90. Kwa ramani ni Barabara ya Taifa namba 5, na kwa mwezi wa nne ni mito, udongo mwekundu na mashimo ambayo kuku anaweza kuzama. Kupanda Fizi ni mawe. Kwenda Lulimba na Misisi sitaki hata kusema. Gari ikipita shimo, pine moja inashuka na ingine inapanda, na kitu fulani lazima kijipinde. Kwa pikapu inajipinda shasi, na shasi imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa jipu ndogo linajipinda bodi lote. Siku ya kwanza hauoni kitu. Kisha mlango unaanza kugoma kufunga. Kisha kioo cha mbele kinapasuka peke yake, gari ikiwa imesimama. Kisha pale amortiseri inaposhikiliwa juu panakatika, na fundi akichomea leo, baada ya miezi miwili panakatika kando ya pale alipochomea. Shasi ya pikapu ikipasuka, mtu mwenye posti ya kuchomea na kipande cha chuma kizuri anaifunga, na inaendelea. Garaji za hapa Baraka ziko na posti ya kuchomea. Mashine ya kunyoosha bodi haziko nayo.

Sasa uzito. Bidoni moja ya mawese ya litre 20 ina karibu kilo 18. Bidoni 40 ni kilo 720. Pikapu ya kabini moja, yenye resore nzima, inabeba hiyo bila kulalamika, maana imetengenezwa kwa karibu tani moja. Jipu ndogo ni watu 5 na mabegi yao, basi, imejaa. Ukiweka bidoni 40 ndani ya RAV4, kwanza hazitaingia, na zikiingia gari itakaa chini sawa vile bata.

Mtaniuliza: sisi ni shirika la kusaidiana, mawese inatuhusu nini? Wanachama wanagonjeka, wanazaa, wanazika. Hiyo njo kazi ya gari. Ni kweli. Lakini niambieni gari ya shirika huwa inakufa namna gani. Hapa Fizi tumeziona zimesimama juu ya mawe, nyasi zinatokea kwa kapo, na zingine injini yake ni nzima kabisa! Zinakufa mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza pine ni mpya, batri ni mpya, asiransi imelipwa pamoja na bei ya gari. Mwaka wa pili pine 4 zinataka kubadilishwa kwa mara moja, frein imekwisha, karatasi za mwaka zinaomba pesa yao, na kasa iko na michango ya wanachama ambayo kila mwezi inazika watu. Kati ya sanduku la maiti na pine, komite itachagua sanduku, na mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Hapo gari inapanda juu ya mawe.

Njo maana ninasema gari yetu lazima inunue pine zake yenyewe. Pikapu inaweza. Mama zetu wanasindika mawese kule milimani na wanalipa ubebaji kila juma, tena wanalipa watu wengine. Mihogo mikavu vile vile, na ndagala kwa msimu wake. Jipu ndogo haiwezi kujilipia ila kwa njia moja, kufanya teksi, na tukifanya teksi, mwenzetu mgonjwa atagombania kiti na wasafiri.

Wale waliorudi kwa meli toka Kigoma, kuanzia 2005, wanakumbuka vizuri. Kule Nyarugusu ao Lugufu, gari ilikuwa ya wakubwa. Ilikuja, ilipakia, ilienda, na hakuna kati yetu aliyejua mafuta yake yalitoka wapi. Ilikuwa sawa vile mvua. Hapa nyumbani gari itakuwa yetu, na kitu chenye kuwa chako kinakula kwako.

Bon. Sasa upande wa pili, maana niliahidi sitaficha.

Kwa mgonjwa peke yake, jipu ndogo ni nzuri zaidi. Sikatai. Springi zake ni laini, vumbi haliingii, mvua haimpigi, unalaza viti vya nyuma na mtu ananyosha miguu karibu yote. Pikapu tupu inaruka sawa vile mbuzi, kwa sababu resore za kubeba tani moja hazijui kuwa leo zimebeba mama mmoja wa kilo 60. Mtu aliyevunjika mguu akipanda pikapu tupu toka Lulimba, atatukana mpaka babu zetu.

Dawa yake iko, haimalizi ugonjwa lakini inaupunguza. Unaweka mifuko ya mchanga, kilo 150 ao 200, chini ya sanduku, karibu na ekseli ya nyuma. Resore zinalala, gari inatulia, na kwa udongo pine za nyuma zinapata kushika, maana pikapu tupu kwa utelezi ni kitu cha hatari, mkia unataka kutangulia kichwa. Unapunguza upepo wa pine za nyuma, na unaurudisha siku ya mizigo. Juu ya mchanga unaweka mbao, juu ya mbao godoro nene. Juu ya yote bashi nzuri iliyofungwa kwa vyuma vilivyopindwa, na benchi ndogo kandokando kwa mkunga ao ndugu wa mgonjwa. Sanduku la kabini moja lina urefu wa zaidi ya mita 2, mtu mzima analala wote. Ninaposema kabini moja ninamaanisha kabini moja. Najua kuna wanaotaka ile ya kabini mbili, eti iko katikati, inafaa pande zote. Sanduku lake ni karibu mita 1 na nusu. Mgonjwa halali, bidoni zinakwenda nusu, na viti vya nyuma tunajua watakaosafiri juu yake. Mzee wetu mkubwa anacheka, ameelewa.

Lakini swali kubwa halikuwa la resore. Swali kubwa liliulizwa na mama mmoja kwa mkutano uliopita, na watu walicheka, mimi sikucheka. Alisema: «Gari ikiwa imekwenda Uvira na mawese, na mimi nikashikwa na uchungu usiku, nitapanda nini? Nitapanda mawese?»

Mama huyo amepiga mahali penyewe. Pikapu inayotafuta pesa itakuwa mbali siku tunapoihitaji. Jipu ndogo isiyotafuta pesa itakuwa hapa hapa, karibu, lakini mwaka wa pili itakuwa hapa juu ya mawe. Zote mbili zinaweza kumwacha mama kwenye tipoyi, vijana wanne wakimbebe usiku mpaka hospitali sawa vile mama zake walivyobebwa. Ni tofauti ya sababu tu. Sasa, sababu ya kwanza inarekebishika kwa kanuni, ya pili hairekebishiki bila pesa ambayo hatuna. Kwa hiyo ninaomba mkutano, kabla ya kununua hata bulon moja, uandike na kutia sahihi kanuni hizi.

Gari inabeba mizigo siku 3 kwa juma, zinazojulikana, hapana siku ingine, hata kama mfanyabiashara analeta dola mkononi. Kila usiku inalala Baraka. Haitalala Uvira, haitalala Misisi, na kama mvua imefunga barabara asubuhi, haitoki. Tangi halishuki chini ya nusu. Mgonjwa akifika wakati bidoni ziko tayari juu, bidoni zinashuka, na mwenye bidoni anajua hivyo tangu siku aliyolipa, imeandikwa kwa risiti yake. Mafuta ya mgonjwa mwanachama yanatoka kwa pesa ya mizigo. Haombwi kitu pale mlangoni usiku, hesabu ni baadaye, na kama hana, ni kasa. Na juu ya mizigo hakuna mtu anapanda. Hakuna. Tumezika watu wa kutosha walioanguka toka juu ya magunia, na dereva atakayempandisha mtu juu ya bidoni aache ufunguo siku hiyo hiyo, hata nikiwa mimi.

Kabini ina nafasi ya 3. Dereva, na wawili. Kukiwa na mgonjwa anayeweza kukaa, yeye njo wa kwanza. Viongozi wanakuja nyuma ya hapo, na nyuma ya viongozi wageni. Wageni wetu watatusamehe, na wakikaa nyuma chini ya bashi mara moja watatuandikia ripoti nzuri zaidi ya barabara hii.

Ile pesa ya mizigo ikae kwa kitabu chake peke yake, na mama wa kasa aisome kila mwisho wa mwezi: imeingia ngapi, imekula mafuta ngapi, imebaki ngapi kwa pine. Sehemu ya pine haiguswi hata kwa msiba. Najua neno hilo ni zito kwa shirika letu. Mujadili, lakini mimi niko na msimamo huo.

Sasa tukikubali pikapu, tuchague ipi? Nitapita haraka, maana hayo ni ya fundi na wale watakaokwenda kuangalia. Mazutu, hapana esansi. Kule Tanzania tulizoea kuita dizeli, ni kitu kimoja. Injini ya zamani yenye pompe ya kawaida isiyo na kompyuta, kwa sababu mazutu yetu yanauzwa kwa bidoni kandokando ya barabara na ndani yake mna maji, mna mchanga, wakati mwingine mna mambo ambayo hata muuzaji hajui. Injini za kisasa, zinazopuliza mafuta kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo kuliko sindano, zinakufa kwa mafuta hayo. Ni jambo hilo hilo, munielewe vizuri, linalonitia woga juu ya hizi jipu ndogo za Japani zilizoandikwa D4 kwa injini. Ni gari nzuri, zinakula kidogo kule kwao, lakini zinataka esansi safi. Na mafundi wengi wakiona D4 wanafunga boneti polepole na kukwambia urudi kesho.

Kwa matumizi, musidanganyane kwamba jipu ndogo itatuokolea mafuta. Kwa barabara ya lami, ndiyo. Kwa hii yetu ya gia ya kwanza na ya pili, nimeendesha zote mbili, na mwisho wa siku tofauti ni ndogo sana.

Jambo la usukani. Magari mengi ya bei nafuu yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam, na usukani uko kulia. Kwa Tanzania ni sawa, wanapita kushoto. Sisi tunapita kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia, akiwa nyuma ya lori, haoni kitu mpaka gari yake yote imetoka katikati ya barabara. Na abiria wa mbele anashukia katikati ya njia, pale motari wanapopita mbio. Mama mwenye mimba ashukie pale? Kama bei inaruhusu, tutafute ya usukani wa kushoto, hata ikiwa na miaka zaidi. Na kabla ya kulipa, komite iende duane kuuliza kanuni za umri wa gari zilizopo siku hiyo, hapana kumsikiliza muuzaji.

Na karatasi. Karte roze iandikwe jina la shirika. Hapana jina la prezida, hapana jina la katibu «kwa muda tu», hapana jina la mkwe wake aliyeko Uvira. Sheria namba 004 ya 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inalipa shirika, likiisha kutambuliwa, haki ya kuwa na mali kwa jina lake. Kama kuna karatasi ya utambuzi inayokosekana kwetu, itafutwe kabla ya gari. Gari iliyoandikwa jina la mtu, siku mtu huyo akifariki, itapakia watoto wake na wajomba wake, na sisi tutabaki kusimulia.

Neno la wafadhili, maana najua hii itachapwa na wataisoma. Ndugu zetu, hatukatai zawadi yenu, tunaomba kuigeuza kidogo. Kama muna pesa ya jipu ndogo nzuri, tununulie pikapu iliyozeeka zaidi, ya bei ya chini, na ile tofauti musitume leo. Iwekeni kwenu. Mutume nusu ya kwanza baada ya miezi 12, mukishaona kitabu cha mizigo na kitabu cha wagonjwa, na nusu ya pili mwaka unaofuata. Tukishindwa kuonyesha vitabu, musitume. Na rangi ya mlangoni na majina, hiyo muiache kabisa; mtu wa bariere akiona mlango umeandikwa kwa herufi nzuri anafikiri ndani mna dola.

Ninaomba tuchague watu 3 wa kwenda kuangalia magari Uvira: fundi mmoja, na sitaki niwe mimi peke yangu, mama mmoja kati ya wale wanaosafirisha mawese, na mkunga mmoja. Fundi alale chini aangalie shasi, hasa juu ya ekseli ya nyuma, pale inapopindika na pale wauzaji wanapopaka rangi nyeusi mpya. Awashe injini ikiwa baridi, asikubali kukuta imekwisha kupashwa moto. Mama wa mawese apime sanduku kwa bidoni zake mwenyewe. Mkunga alale ndani ya sanduku, na wamwendeshe mpaka Makobola na kurudi. Akikataa kupanda mara ya pili, gari hiyo tusinunue.

Mwenye swali aulize sasa. Mama yule wa mkutano uliopita aanze.